Mkesha wa Noeli Nilipotoa Viti Nje

Mwaka ule niliapa kwamba Noeli tutaila nyumbani kwetu mjini, Bilele, mimi na wanangu wawili, na hatutakwenda kwa mtu yeyote. Niliapa kwa sauti, nimesimama mbele ya karai la vyombo vichafu, na aliyenisikia ni paka wa jirani peke yake. Lakini mimi nikishasema jambo huwa nimelisema. Marehemu mama yangu alizoea kuwaambia watu kwamba nilizaliwa nimekunja ngumi, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananisifu au analalamika.

Mke wangu alifariki Kwaresima ya mwaka uleule. Asubuhi alisema kichwa kinamuuma, na saa tisa alasiri daktari alikuwa ananiita pembeni. Tulimzika kijijini Rubafu, kwenye kibanja cha marehemu baba yangu. Siku ya kuanua tanga, ndugu wote wakiwa wamekaa, mama mkwe wangu aliomba nafasi ya kusema. Alisema taratibu kwamba watoto hawa, wa kike wa miaka sita na wa kiume wa miaka mitatu, afadhali wakae naye kijijini kwake Nshamba, kwa sababu kazi yangu ni ya majini na watoto hawalelewi kwa simu.

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mimi ni fundi wa mashine za mitumbwi. Karibu kila kambi ya dagaa katika visiwa vya Muleba ina mashine niliyowahi kuifungua. Wavuvi wa kule wametoka kila mahali, wengine Ukerewe, wengine Musoma, wengine Kigoma, na mashine ikizima hawana subira. Wanapiga simu, navuka ziwa, na naweza kukaa huko siku tatu au nne. Lakini siku ile sikutaka kusikia lolote. Nilisimama mbele ya wazee nikamwambia mama aliyemzaa mke wangu: "Mama, amekufa mmoja. Hatujafa wote wawili."

Watu waliinamisha vichwa. Yeye alivuta kanga yake begani, kisha akasema basi, tuiache Noeli ipite ndipo tuzungumze tena. Hakunijibu kwa ukali hata kidogo, na hilo liliniudhi zaidi.

Kwa hiyo Noeli ile kwangu ilikuwa mtihani. Nilijiambia kwamba nikiweza kuifanya vizuri, isipungue kitu, Januari nitakwenda Nshamba kifua mbele na kumwambia mama mkwe: umeona? Na nikishindwa, nitakuwa sina cha kusema, na wanangu watakwenda. Sikutaka waende. Nyumba ile ya kupanga ilikuwa na vyumba viwili na sebule, na tangu Kwaresima ilikuwa imekuwa kubwa mno. Nikirudi kutoka kisiwani nilikuwa nasimama kidogo nje ya mlango kusikiliza sauti zao kabla sijaingia. Nisiposikia kitu, nilikuwa naharakisha kuufungua.

Nikiwa safarini, watoto walilala kwa jirani, mama mmoja wa makamo, mjane, Mwislamu aliyehamia kutoka Tabora miaka mingi iliyopita na kuishi kwa kupika vitumbua. Mama huyu alinisaidia kuliko ndugu zangu, na siachi kumshukuru. Ila naye alikuwa na kazi zake alfajiri, na binti yangu alijifunza mapema kumwosha mdogo wake, kumvisha, na kumtuliza akilia. Watu walikuwa wananiambia, una binti mwenye akili. Nilikuwa nafurahi, mjinga mimi, nikidhani ni sifa yangu.

Wiki ya mwisho kabla ya Noeli nilikataa kazi zote za visiwani. Simu ililia mpaka nikaizima mlio. Nilinunua nyama, soda, mafuta, mchele, na mkungu wa ndizi ambao muuzaji aliniambia nimechagua vizuri, japo naamini alikuwa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilimnunulia binti yangu gauni jekundu lenye mkanda wa nyuma. Sikumpima; nilikadiria kwa mkono, nikakumbuka kichwa chake hunifika hapa kiunoni. Alipolijaribu lilimbana kwapani. Kumbe alikuwa amekua, na mimi nilikuwa nakumbuka urefu wake wa Noeli iliyopita, mama yake aliposimama naye mbele ya kioo.

"Linanitosha, Baba," alisema, huku mikono imening'inia mbali na mwili.

"Inua mikono."

"Sitaki kuinua."

Kilichobaki ni nyasi. Kwetu sisi Noeli bila nyasi sakafuni haijakamilika. Hata aliyejenga nyumba ya vigae huwa anatandaza, walau sebuleni. Nilipokuwa mdogo Rubafu, mama yangu na dada zangu walikuwa wanakwenda kuzikata rweya, kule kwenye uwanda wa majani unaoanza migomba inapoishia, wanarudi na matita kichwani. Sisi wavulana tulikuwa tunatumwa kuchota maji, na tukirudi tunakuta nyumba yote ya kijani na inanukia. Tulikuwa tunajibiringisha humo mpaka tufukuzwe. Ni kazi ya wanawake, na wanaume tulichofanya ni kuzikanyaga.

Mke wangu aliifanya kila mwaka, hata hapa Bilele, juu ya sakafu ya saruji isiyo yetu. Alikuwa anatoka asubuhi ya mkesha na kurudi na tita lake limefungwa nyuma ya bodaboda. Mimi nilikuwa nafika jioni kutoka mwaloni inakoegeshwa mitumbwi, navua viatu mlangoni, nakuta mambo yameshakamilika. Miaka minane ya ndoa sikuwahi kumuuliza anakata zipi, anazikata wapi, wala anazipangaje.

Asubuhi ya mkesha niliwaacha watoto kwa jirani, nikachukua mundu na kamba, nikaenda rweya. Nilikuta wanawake wanne au watano wameinama wanakata. Waliponiona mmoja alisimama wima akashika kiuno.

"Waitu, tumepata mgeni!" alisema. "Leo mwanaume kaja kukata nyasi!"

Wakacheka wote, na mimi nikacheka, kwa sababu ukikasirika mahali kama pale unazidi kuwa kichekesho. Nilianza kukata zilizokuwa mbele yangu. Mama mmoja mtu mzima alinisogelea, akanitoa pale kwa kunishika shati.

"Hizo ngumu zitawachoma watoto. Kata zile laini, kule bondeni. Mkeo yuko wapi, tata, mpaka akutume wewe?"

"Yuko nyumbani," nilisema.

Sikujipanga kusema hivyo. Lilitoka lenyewe, na lilipotoka sikuweza kulirudisha. Yule mama akasema basi mwambie ametulia sana mwaka huu, tunamwonea wivu. Niliinama bondeni nikakata nyasi laini, na sikuinua kichwa tena mpaka sauti zao zilipokwenda mbali. Nililia kidogo. Nilijifuta kwa mkono wenye nyasi, nikawashwa uso mzima hadi jioni.

Saa nane mchana nilikuwa nimerudi na matita mawili. Watoto walikuwa bado kwa jirani. Nilitaka waingie ghafla waone. Nikaanza kazi. Nilitoa kochi nje, nikatoa viti viwili vya mbao, vigoda, meza ndogo, na televisheni nikaiweka chumbani. Vyote vya nje nilivipanga uani kwa mstari, visizuie njia. Kisha nikafagia, nikapiga deki, nikasubiri sakafu ikauke, nikatandaza nyasi ukuta hadi ukuta, nene, tabaka juu ya tabaka.

Naomba nieleze kwa nini nilifanya vile, maana nimeulizwa mara nyingi na sijawahi kujibu vizuri. Katika maisha yangu yote nilikuwa nimeona nyasi zikitandazwa mara moja tu, kwa macho yangu, tangu mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa Rubafu, siku tuliyoleta mwili wa mke wangu. Siku ile sikuwa na kazi yoyote ila kukaa kwenye ubao na kutazama. Wanawake walitoa kila kilichokuwa ndani, wakakipanga nje, wakatandaza nyasi nene ukuta hadi ukuta ili watu wapate pa kukaa na kulala siku zote za msiba. Mikono yao niliitazama sana siku ile. Kwa hiyo nilipotakiwa kutandaza za Noeli, mikono yangu ilifanya kile ilichoona. Sikukumbuka kabisa kwamba Noeli kochi linabaki mahali pake na nyasi zinatandazwa chache tu, za kupendezesha.

Nilisimama mlangoni nikaitazama kazi yangu, na nikajisifu. Nilifikiri, laiti mama mkwe angekuwa hapa.

Jirani yangu ndiye aliyetangulia kuona viti. Alitoka kumwaga maji, akatupia macho uani kwetu, akaona kochi na viti vimepangwa kwa mstari nje ya mlango ulio wazi. Yeyote aliyeishi nchi hii anajua viti vikipangwa nje namna ile kuna nini. Aliacha ndoo palepale, akajitanda kanga kichwani, akaja mbio huku wanangu wakimfuata nyuma, na kabla hajafika alishaanza kusema.

"Jamani poleni! Poleni, baba! Ni nani tena jamani, ni nani?"

Nilitokeza na rundo la nyasi mkononi. Alipoona nyasi ndani alizidi. Alinishika mabega, machozi yanamlengalenga, akaniambia Mungu hamwachi mja wake. Ilinichukua muda kuelewa anasema nini. Nilipoelewa nikacheka kwa nguvu, nikamwambia hakuna aliyekufa, hizi ni za Noeli, ndiyo mila yetu Wahaya. Alijipiga kofi pajani.

"Wewe baba wewe! Noeli gani hii ya kutoa makochi nje? Nusura uniue kwa presha!"

Alisema neno presha, ugonjwa uliomuua mke wangu, akajiziba mdomo. Sote wawili tuligeuka kutazama watoto.

Binti yangu alikuwa amesimama kizingitini, gauni lake jekundu limembana, anatazama sebule tupu na nyasi. Alimvua mdogo wake ndala, akavua na zake, akaziweka pamoja. Akamshika mkono, wakaingia, wakapita kando ya ukuta mpaka kona ya mbali, akakaa na kumweka mdogo wake katikati ya miguu yake. Ndivyo walivyokuwa wamekalishwa Rubafu, kwenye kona kama ile, siku zote zile. Mdogo alitaka kujibiringisha. Dada yake akamshika.

"Tulia," alimwambia. "Usicheze hapa."

Nilichuchumaa mbele yake. Nilimwambia mama huyu amekosea, ni mimi nimekosea, ni Noeli, kesho tunakula nyama na soda. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Ni Bibi?"

"Siyo Bibi. Bibi ni mzima."

"Hata Mama ulisema ni mzima. Ulisema amelala hospitali."

Ni kweli, nilikuwa nimesema hivyo. Niliwaambia hivyo siku nzima, kwa sababu sikujua la kuwaambia, na wakajua ukweli kwa kuona viti na nyasi. Sasa viti vilikuwa nje na nyasi zilikuwa ndani, na mimi nilikuwa nasema tena kwamba mtu ni mzima.

Nikatoa simu. Nilisema tutampigia Bibi sasa hivi, mtazungumza naye. Niliweka sauti kubwa ili binti yangu naye asikie. Dada wa mtandao akatuambia kwa adabu kwamba mteja tunayempigia hapatikani kwa sasa, na tujaribu tena baadaye. Nikajaribu tena. Nikajaribu mara sita, saba, na kila mara binti yangu alimsikiliza yule dada hadi mwisho kama mtu anayesikiliza tangazo la kanisani. Nilijua kabisa mama mkwe hachaji simu yake mpaka mtu amkumbushe. Nilimweleza hivyo. Aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, na hakuniamini.

Nilirudisha viti ndani kimoja kimoja. Jirani alinisaidia kuzoa nyasi, na mbuzi wa mtaa walikula Noeli yao mapema. Nilimenya ndizi mwenyewe, utomvu ukanigandia vidoleni, nikapika na nyama, na sitaki kujisifu lakini zilikuwa tamu. Mdogo alikula mpaka akapata kwikwi. Dada yake alikula vijiko viwili, akasema ameshiba, akaniambia nami nile. Nikakaa katikati yao kwenye kochi nikijua kwamba nimeshindwa, na aliyeniangusha hakuwa mama mkwe.

Asubuhi ya Noeli tulisali misa ya kwanza. Wakati wa kwaya nilimwona binti yangu anatazama safu ya sauti ya kwanza, pale mama yake alipozoea kusimama, kisha ananitazama mimi kuangalia kama nimemwona. Tulipotoka, watu wakipongezana na kupigana picha, nilipiga tena simu ya Nshamba. Haikupatikana. Watoto walikuwa wamesimama mbele yangu na nguo zao mpya, nyumbani kulikuwa na soda sita na hakuna mtu.

"Twendeni kwa Bibi," nilisema.

Tulipata gari la kwenda Muleba, na kutoka pale lingine la kwenda Nshamba. Njia nzima binti yangu hakuuliza tumefika wapi. Mdogo alihesabu ng'ombe, kila mmoja alikuwa wa pili.

Tulimkuta mama mkwe kwenye kibanja nyuma ya nyumba, anakata majani ya migomba ya kupakulia chakula. Kisu kilikuwa mkononi, kitambaa kichwani, na alikuwa anagombana na kuku. Mdogo alikimbia akamvaa miguuni. Binti yangu hakukimbia. Alikwenda polepole, akapiga magoti kusalimia kama alivyofundishwa, na bibi yake alipompa mkono aliushika, akaufuata mpaka kiwiko, akaubonyeza. Akasogea akaegemeza uso wake tumboni mwa bibi yake. Ndipo alipolia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mama yake afariki. Kule msibani alikuwa hajalia. Alikuwa anamshika mdogo wake.

"Mwana wange, kuna nini?" Mama mkwe aliniangalia juu ya kichwa chake. "Umewafanya nini watoto?"

Nilimweleza yote, viti, nyasi, jirani, simu. Nilidhani atacheka au atanisema, na nilikuwa tayari kwa yote mawili. Alisikiliza, kisu bado mkononi.

"Simu haina chaji," alisema. "Njooni mle."

Tulikula chini, juu ya majani, ndizi na nyama na maharage, na hakuna aliyesema neno juu ya mazungumzo yetu ya baada ya Noeli. Sebuleni mwake kochi lilikuwa mahali pake, na nyasi zilikuwa chache, zimepangwa vizuri. Majirani walikuja na rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikapewa kahawa ya kutafuna kama mgeni, nikajibu salamu za watu. Mwanangu alijibiringisha na watoto wa jirani mpaka wakafukuzwa. Binti yangu alikula ndizi tatu nzima na kuomba tena. Mama mkwe alitoa mkasi, akafumua mshono wa kwapani wa lile gauni jekundu, akaongeza kipande cha kitambaa, na jioni mtoto alikuwa anainua mikono. Mimi nilikaa kwenye benchi nje nikawaangalia, na nilijisikia mpweke kuliko siku yoyote ya Bilele. Walikuwa na furaha, na furaha yenyewe haikunihitaji.

Siku ya pili yake, asubuhi, nilikuwa nyuma ya jiko nachonga mpini wa jembe, kwa sababu siwezi kukaa bure kwa wakwe. Mama mkwe alikuwa ndani ya jiko anamenya ndizi na binti yangu. Nilisikia kila kitu kupitia ukuta wa fito.

"Unapapenda hapa?" Bibi aliuliza.

"Napapenda."

"Ungebaki na mimi, usome hapa, ungependa?"

Niliacha kuchonga.

"Hapana, Bibi."

"Kwa nini sasa?"

"Nikibaki, Baba atakaa na nani?"

"Baba yako ni mtu mzima."

"Anaongea peke yake," binti yangu alisema. "Na hali chakula mpaka nimwambie. Nikisahau kumwambia, hali."

Nilisikia ganda la ndizi likiangukia kwenye beseni, kisha lingine.

Nilikaa pale na mpini magotini. Miezi tisa nilikuwa nimewaambia watu kwamba siwezi kuwatoa watoto kwa sababu wananihitaji. Niliwaambia wazee, niliwaambia wavuvi, nilimwambia hata padri. Na huku ndani alikuwa mtoto wa miaka sita, anakataa mahali anapopapenda, kwa sababu ana baba wa kutunza. Niliona haya, tena haya ya kweli, ya kutaka kufunika uso. Nilikuwa nimempa mtoto zamu ya mama yake na nikaita jambo hilo kuwa ni malezi.

Nilizunguka nikaingia jikoni. Si kawaida mkwe kuingia jikoni kwa mama mkwe wake, na wote wawili walishtuka.

"Mama," nilimwambia, "wabaki."

Nilitegemea atafurahi. Ameshinda, na mbele yangu hakuna wazee wa kunitetea. Alifuta mikono kwenye kanga, akanitazama kwa muda mrefu.

"Na wewe?"

"Nitakuwa nakuja kila nikivuka kutoka visiwani. Ni karibu kuliko Bilele, ukitazama vizuri."

"Sikuuliza hilo," alisema. Akachukua beseni la maganda, akatoka nje, akatuacha wawili.

Binti yangu alikuwa anauma mdomo wa chini. Nilikaa kwenye kigoda cha bibi yake, nikawa mfupi kuliko yeye.

"Utakaa na nani?" aliuliza.

"Na watu wa kambini. Kule watu ni wengi, hata pa kulala hapatoshi."

"Wanakupikia?"

"Wanapika ugali na samaki kila siku."

"Na Bilele?"

Nilitaka kudanganya. Nilikuwa nimezoea. Nilikumbuka alivyosema, hata Mama ulisema ni mzima, nikashindwa.

"Bilele nitakuwa peke yangu," nilisema. "Nitasikitika. Lakini ni kazi yangu mimi kusikitika, siyo yako. Wewe kazi yako ni kucheza na kusoma."

Aliwaza. Aliangalia nje, ambako mdogo wake alikuwa anapiga kelele na kuku, kisha akanirudia.

"Nani atakuambia ule?"

"Nitajiambia mwenyewe."

"Ukijiambia moyoni utasahau," alisema. "Sema kwa sauti."

Nikamwahidi. Alinipa mkono kama watu wazima wanavyofanya wakimaliza mazungumzo, akatoka kwenda kucheza.

Nilifika Bilele kabla jua halijazama. Jirani aliniuliza watoto wako wapi, nikamwambia wako kwa bibi yao, akaniletea sahani imefunikwa na hakuuliza tena. Niliweka sahani mezani, nikakaa kwenye kochi. Chakula kilipoa. Nikasema, "Baba, kula." Sauti ilikuwa yangu, nzito, na hakuna kilichotokea. Nikasema tena, kwa nguvu zaidi, hata jirani nadhani alisikia, ndipo nikachukua kijiko.